Sauti na Jina: Albamu ya Dreamland na Suala la Fanani katika Miji ya Mlima Kenya

Kwa mtu aliyelelewa Nyeri, Mwitaliano hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa padri wa Consolata, alikuwa mtawa wa hospitali ya Mathari, na kwa wale waliopenda kuzuru makaburi alikuwa Amedeo, Duke wa Aosta, aliyefariki mwaka 1942 akiwa mateka wa Waingereza na ambaye amezikwa katika kanisa la ukumbusho la Waitaliano lililo pembezoni mwa mji. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alitufikia Mwitaliano wa namna nyingine, naye alikuja kwa kanda. Kanda iliyoingia nyumbani kwetu ilikuwa imenakiliwa kutoka kwa kanda nyingine katika kibanda kimoja cha Karatina, na ubavuni mwake mwenye kibanda alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: "Disko 4". Hapakuwa na jina la kundi, wala la mwimbaji, wala la mtunzi. Ilipita miaka mingi kabla ya kung'amua kwamba sauti ile ya kike iliyokuwa ikitikisa matatu za barabara ya Kiganjo ilitoka katika albamu ya kwanza ya kundi la Black Box, Dreamland, iliyotolewa mwaka 1990. Na kwamba hata wale walionunua nakala halali huko Ulaya na Marekani hawakujua mengi kutushinda kuhusu mwenye sauti hiyo.

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuona albamu ya muziki wa dansi ikiletwa mbele ya wahakiki wa fasihi. Hatunuii hapa kuuhakiki muziki wenyewe, kazi ambayo wanamuziki wataifanya vyema zaidi. Tunachodai ni kwamba kisa cha albamu hii kinaliweka wazi swali ambalo sisi wataalamu wa fasihi simulizi tumelikwepa kwa muda mrefu: sauti ikishatenganishwa na kinywa kilichoitoa, ikanakiliwa, ikahaririwa na kupewa jalada, jina la nani huandikwa juu ya jalada hilo, na kwa idhini ya nani? Swali hili halikuzaliwa kwenye studio za Italia. Katika miji ya Mlima Kenya lina historia ndefu kuliko albamu yenyewe, na sehemu ya historia hiyo, kwa sadfa ambayo siwezi kuipuuza, iliandikwa na Waitaliano.

Kundi lisilo na mwimbaji

Black Box liliundwa na wanaume watatu: Daniele Davoli, mchezeshaji santuri wa vilabu vya usiku, Valerio Semplici, mwalimu wa klarineti aliyefunzwa muziki wa kikale wa Ulaya, na Mirko Limoni, mpiga kinanda na fundi wa ala za umeme. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwimbaji. Mwaka 1989 walitoa wimbo "Ride on Time", uliokaa kileleni mwa orodha ya mauzo ya Uingereza kwa majuma sita na kuwa santuri ya wimbo mmoja iliyouzwa zaidi nchini humo mwaka huo. Sauti inayosikika humo ni ya Loleatta Holloway, mwimbaji mweusi wa Chicago, nayo ilichukuliwa kutoka katika "Love Sensation", wimbo aliourekodi mwaka 1980 na ambao ulitungwa na Dan Hartman. Waitaliano waliikata sauti hiyo vipande vipande, wakavipanga upya juu ya mdundo wa mashine. Jina lenyewe la wimbo mpya ni zao la sikio la mgeni: neno la Kiingereza lenye maana ya "barabara" au "sawasawa" lilisikika kana kwamba ni neno la kupanda chombo, na kosa hilo likabaki kuwa anwani. Mtaalamu wa fasihi simulizi hana haki ya kulicheka kosa la aina hii, maana anajua jinsi nyimbo zetu za watoto zilivyojaa maneno yasiyo na maana leo kwa sababu kizazi fulani kiliyasikia visivyo.

Hadi hapo hatuna zaidi ya ukopaji, na ukopaji ni desturi ya sanaa zote. Tatizo lilianza pale sauti ilipohitaji uso. Katika video na kwenye majukwaa aliwekwa Katrin Quinol, mwanamitindo Mfaransa mwenye asili ya Guadeloupe, naye akawa anachezesha midomo kuifuata sauti ya Holloway. Mzozo ukazuka, ukamalizwa kwa maafikiano ya malipo, na toleo jingine la wimbo likarekodiwa kwa sauti ya Heather Small, Mwingereza ambaye baadaye alipata umaarufu na kundi la M People. Kwa hiyo wimbo mmoja ulikuwa na mtunzi Mmarekani, mwimbaji Mmarekani, mwimbaji wa pili Mwingereza, wahariri watatu Waitaliano na uso mmoja wa Kifaransa. Jina lililobaki kwenye jalada likawa la sanduku.

Kwa nyimbo nyingine za Dreamland, zikiwemo "Everybody Everybody", "Strike It Up" na "Fantasy", ambao ni wimbo wa zamani wa kundi la Earth, Wind & Fire, aliitwa studioni Martha Wash, mmoja wa wanawake wawili waliokuwa wameimba "It's Raining Men" mwaka 1982. Wash aliimba, akalipwa kama kibarua wa studio, kisha albamu ikatoka bila kumtaja na Quinol akaendelea kuchezesha midomo. Wash alikuwa mwanamke mnene, na kwa mujibu wa biashara ya video ya miaka ile mwili wake ulidhaniwa hauuziki, ingawa sauti yake iliuzika vizuri sana. Mwaka huo huo wa 1990 aliishtaki kampuni ya RCA, na kesi ikaisha kwa maafikiano yaliyompa malipo na mkataba wa kurekodi kwa jina lake mwenyewe. Ni mwaka huo pia ambapo kundi la Milli Vanilli lilivuliwa tuzo ya Grammy, ilipofichuka kwamba vijana wawili waliosimama jukwaani hawakuwa wameimba hata ubeti mmoja katika albamu yao. Tangu hapo kampuni za Marekani zilianza kuwa waangalifu zaidi katika kuwataja waimbaji kwenye majalada.

Ni rahisi kumfanya Quinol kuwa mlaghai wa kisa hiki. Sikubaliani na hukumu hiyo. Yeye naye aligawanywa: mwili wake ulichukuliwa bila sauti, jinsi sauti ya Wash ilivyochukuliwa bila mwili, na wote wawili wakaunganishwa na watu wasioonekana. Wala siwanyimi Davoli na wenzake usanii wao. Kupanga vipande ni utunzi; mhariri wa tendi anafahamu hivyo, na msimulizi wa ngano pia. Walichokosea ni kuvunja mkataba baina ya fanani na hadhira, yaani kumfanya msikilizaji aamini kwamba anayemwona ndiye anayemsikia.

Nyeri: matbaa na kibuyu

Tugeuke sasa upande wetu. Wamisionari wa Consolata walifika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902, wakaanzia Murang'a kabla ya kuifanya Nyeri makao yao makuu. Walileta matbaa, na tangu mwaka 1916 walichapisha Wathiomo Mukinyu, gazeti la Kigikuyu. Mwaka 1933 matbaa hiyo ya Nyeri ilitoa kitabu cha Padri Cagnolo kuhusu Wagikuyu, mila zao na ngano zao. Miaka 40 baadaye, mwaka 1973, Padri Vittorio Merlo Pick alichapisha huko Bologna Ndaĩ na Gĩcandĩ, mkusanyiko wa vitendawili pamoja na utungo wa gicandi ambao hadi leo mtafiti yeyote wa utanzu huo hana budi kuanzia kwake. Gicandi, kwa wasioijua, ni utungo wa mafumbo uliotambwa na manju aliyeshika kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochongwa juu ya gome lake. Manju wawili walikabiliana sokoni au penye mkutano, mmoja akifumba na mwenziwe akifumbua, na kibuyu cha aliyeshindwa kikawa hatarini.

Bila ya kazi ya Merlo Pick tungekuwa maskini zaidi, na ni utovu wa shukrani kumkosoa mtu aliyehifadhi kile ambacho wenyewe tulikuwa tukikiacha kife. Hata hivyo, tazama jalada: jina lililopo ni la padri. Utanzu ambao uhai wake wote ni mapambano ya sauti mbili umekuwa matini ya mtu mmoja, na mtu huyo si yeyote kati ya wale wawili. Kimani Njogu, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu gicandi, aliturejesha kwenye wingi wa sauti uliomo ndani ya utanzu huu, akiutumia msamiati wa Bakhtin. Naona hatua hiyo ilikuwa sahihi, ila inahitaji kusukumwa mbele. Wingi wa sauti tunaouona ndani ya matini ni kivuli cha wingi wa watu waliokuwa nje yake, na watu hao walikuwa na majina.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alilihisi jambo hili mapema. Katika Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya iliyochapishwa mwaka 1980 na ambayo aliiandika juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, hadithi inasimuliwa na manju wa gicandi, naye hasimulii kwa kupenda kwake: anasimulia kwa kuwa mama yake Warĩĩnga amemsihi afanye hivyo. Yaani simulizi ina mwenyewe, na msimulizi anaomba idhini hata pale ambapo mwenyewe ni mtu wa kubuni. Katika riwaya hiyo hiyo yumo Gatuĩria, msomi wa muziki anayetaka kutunga kazi kubwa ya kwanza itakayoziunganisha ala na sauti za taifa zima, na ambaye anatapatapa kwa sababu hajui asimame wapi kuhusiana na wazee anaowasikiliza. Sijui mhusika mwingine katika fasihi ya Kenya anayetufanana zaidi sisi watafiti.

Mugithi na kumbukumbu ya hadhira

Kuna pingamizi ambalo lazima lijibiwe. Msomaji atasema kwamba fasihi simulizi haina mwenyewe, kwamba wimbo ni mali ya jamii, na kwamba kuupachika jina la mtu ni kuuingiza Uzungu wa hakimiliki mahali usipohusika. Pingamizi hili lina nguvu ya juu juu tu. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alijitaja kwa jina na kuutaja mwaka wa utunzi ndani ya beti zenyewe, na hakuwa amesoma sheria yoyote ya Uingereza. Waimbaji wa santuri ndogo za Kenya katika miaka ya 1960 na 1970 nao walikuwa na mazoea ya kujitaja, kuwataja wapiga gitaa wao na hata marafiki wa kijijini, katikati ya wimbo. Waliijua biashara waliyokuwamo: jalada lingeweza kupotea, lakini jina lililoimbwa lingekwenda kila mahali wimbo ulikokwenda. Hata kibanda cha Karatina kisingeweza kulifuta.

Wala si ugeni wa chombo unaotusumbua. Mwomboko, ngoma ambayo wazee wa Nyeri na Murang'a huiita ya jadi, ilizaliwa wakati wa ukoloni kutokana na hatua za dansi za Kizungu na akodioni iliyotoka Ulaya, ikaongezewa karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Hakuna anayeiita mwomboko bandia, na hakuna sababu ya kuiita hivyo. Wachezaji waliokopa hatua hizo walizicheza kwa miguu yao wenyewe, mbele ya watu waliowajua.

Mfano mgumu zaidi, na kwa hiyo wenye manufaa zaidi, ni mugithi. Neno lenyewe lina maana ya gari la moshi, nalo linakumbusha jinsi wachezaji wanavyoshikana viuno na kufuatana kama mabehewa. Kwa watu wa Karatina, Kiganjo na Nanyuki, ambao reli inapita kwao, taswira hiyo haihitaji maelezo. Katika miaka ya 1990 mugithi ulienea kwenye baa za Nairobi na za Mlima Kenya: mtu mmoja, gitaa moja, mashine ya mdundo, na usiku kucha wa nyimbo zilizounganishwa bila kikomo. Mike Rua na wenzake walijenga umaarufu wao kwa sehemu kubwa juu ya nyimbo za watangulizi wao. Wimbo wa Joseph Kamaru unaingia katika wimbo wa kanisani, huo nao unaingia katika wimbo wa Jim Reeves, na maneno ya kila mmoja yanageuzwa kwa kejeli au kwa uchafu kulingana na saa ya usiku. Kwa mtazamo wa ufundi, huku ni kukata na kuunga kulekule kwa Davoli.

Tofauti yao iko katika kumbukumbu ya hadhira. Mnywaji wa Othaya mwaka 1998 alipousikia wimbo wa Kamaru ukipotoshwa alicheka kwa sababu aliujua ule wa asili. Utamu wa utani ulitegemea utambuzi huo, jinsi utamu wa gicandi ulivyotegemea kwamba fumbo lilikwisha kusikika. Jina la Kamaru halikuandikwa popote, lakini lilikuwemo chumbani. Katika video ya "Ride on Time" jina la Holloway halikuwemo chumbani wala jaladani, na utamu ulitegemea kutokutambua. Ndiyo maana ninauita mugithi mwingiliano matini, na kile alichofanyiwa Wash siwezi kukiita hivyo.

Hoja hii, hata hivyo, ina mpaka, na itakuwa si uaminifu nisipouonyesha. Kumbukumbu ya hadhira huchakaa. Mwanafunzi wangu wa leo kutoka Nanyuki anaujua wimbo wa mwaka 1969 kama wimbo wa mugithi, basi; kwake mwimbaji wa baa ndiye fanani. Isitoshe, utambuzi haulipi karo. Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, aliona kazi zake zikinakiliwa na kuuzwa na watu wengi kwa miongo mingi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iliwatambua watunzi na watendaji, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 ikaipa jamii haki juu ya urithi wake. Ya pili naiunga mkono kwa shingo upande: inamzuia mgeni asijitwalie wimbo, lakini inaweza pia kummeza mwimbaji mmoja ndani ya neno "jamii", na akishamezwa humo si rahisi kumtoa. Jibu lililonigusa zaidi halikutoka bungeni. Mjukuu wa Kamaru, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru na ambaye ulimwengu wa muziki wa elektroniki unamjua kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwa njia ya dijitali, zikiwa na jina la babu. Yeye mwenyewe ni msanii wa kunasa na kupanga sauti, fundi wa kazi ileile ya studio iliyozaa Dreamland, na kwa kweli alikuwa na kila kisingizio cha kuzigeuza rekodi hizo kuwa malighafi yake.

Kanda zetu wenyewe

Nimesema kwamba swali hili tumelikwepa, na sitaki usemi huo uelekezwe kwa wengine. Katika semina zetu tumelikariri tangazo la Roland Barthes la mwaka 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, tukalitumia hata kwa watu ambao hawakuwahi kupewa nafasi ya kuitwa waandishi. Fungua tasnifu za fasihi simulizi zilizomo katika maktaba ya chuo kikuu chochote nchini mwetu, utawakuta: "mzee mmoja wa Tetu", "bibi wa umri wa miaka 70 hivi, Kirinyaga", "kikundi cha akina mama". Tarehe ya kurekodi ipo. Aina ya mashine ya kurekodia ipo. Jina la mtafiti lipo jaladani kwa herufi za dhahabu.

Ya kwangu imo miongoni mwazo. Mwaka 2006, nikitafuta shahada ya uzamili, nilirekodi gitiiro huko Mukurwe-ini, zile nyimbo za majibizano ambazo wanawake huimba katika sherehe za posa na mahari. Mwanamke mmoja aliongoza kwa ustadi ambao sijausikia tena. Alibuni papo hapo, akawachokoza wageni wa upande wa bwana harusi, akawajibu kabla hawajamaliza ubeti wao. Sura nzima ya tasnifu yangu imejengwa juu ya sauti yake. Humo anaitwa "Kiongozi A". Hakuna aliyeniagiza nimwite hivyo na hakuna aliyenikataza kumwuliza jina. Niliona tu kwamba ndivyo kazi ya kitaaluma inavyofanywa, na mtahini hakuona kasoro.

Baada ya kuusoma mkasa wa Martha Wash nilirudi Mukurwe-ini. Yule mama alikuwa amefariki. Binti yake alinitajia jina lake bila kusita, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: zile beti za kuwachokoza wageni, ambazo mimi nilizichambua kama ubunifu wa papo hapo, mama yake alifunzwa na mwanamke mwingine wa kijiji cha pili, ambaye angali hai na ambaye husema wazi kwamba ni zake. Nilimwona huyo naye. Aliziimba tena kwa namna tofauti kidogo, na palipotofautiana akasema kwamba mwenzake ndiye aliyeongeza, tena vizuri.

Juu ya kasha la kanda sasa kuna majina mawili na maelezo ya mistari mitatu kuhusu nani alitunga kipi. Hapa siyachapishi, kwa sababu binti ameomba kwanza aisikie sauti ya mama yake, na nyumbani kwake hakuna tena mashine ya kuchezea kanda. Kanda hiyo iko kwa fundi ikihamishwa kwenye dijitali. Nimemwahidi nakala yake mwenyewe kabla ya mvua za Aprili, wakati barabara ya kwao bado inapitika.